Si Wewe Uliyeitoa Video Ile, Mwanaesha

Mpendwa shoga yangu Mwanaesha,

Barua hii nimeianza mara nne katika daftari langu, na mara nne nimechana kurasa. Ulinicheka siku zote kwa sababu ya daftari hili. Ulikuwa ukisema Kadzo akikohoa lazima aandike amekohoa saa ngapi. Ni kweli, tangu nimalize kidato cha nne sijalala bila kuandika siku ilivyokwenda. Lakini liko jambo moja ambalo kwa miaka sita niliandika upande wake mmoja tu. Leo naandika upande wa pili, tena mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndiko ulikovunjiwa heshima.

Wengine watakaoisoma hawakukujua, kwa hivyo niwie radhi nikikusimulia mambo unayoyajua.

Tulikutana kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya kupiga video hapa Malindi, wasichana tukiwa wawili tu darasa zima. Wewe mtoto wa Shella, Shella ya hapa, si ile ya Amu, yaani Lamu, ingawa asili yenu ni visiwani. Mimi nimeshuka kutoka Vitengeni, kwa baba yangu mkulima wa mahindi na mihogo. Siku ya kwanza ulinitazama viatu, ukauliza kama Vitengeni yote ina vumbi jekundu au mimi ndiye niliyelichagua. Nikakujibu kwamba vumbi tunalo, lakini kwetu watu husalimiana kwanza. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukanisalimu.

Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, kamera moja, na kompyuta iliyopata moto tukaipepea kwa upepeo wa ukili. Tulitaka kutengeneza filamu, hatukutaka kingine. Ile ya kwanza, ya fundi wa cherehani aliyeshona sare ya mtoto ambaye hakurudi kuichukua, tulihangaika nayo miezi minane. Uliandika maneno yote wewe. Mimi niliandika nani alivaa nini na alishika nini kwa mkono upi, ili picha ya leo ioane na ya wiki iliyopita.

Tuliionyesha Vitengeni, kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Unakumbuka pale yule babu fundi anapokata roho? Mimi nilikuwa nimejitayarisha kuona watu wakilia. Mama mmoja akasimama akauliza kwa sauti, "Huyu si mwenye duka la dawa? Mbona jana kaniuzia dawa ya kichwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yule maiti, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, akainuka kuwapungia mkono. Nilitaka kujificha chini ya meza. Ukaninong'oneza nisiwe mjinga, kwamba watu wasioamini hawabishani na ukuta.

Filamu ile ilipendwa. Watu walipeana kwa simu mpaka Kilifi, na sisi tukabaki na njaa.

Khalati yako ndiye aliyetuonyesha njia. Khalati Rukia, dada wa mama yako, aliyekulea tangu mama yako afariki, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani nusu ya wasichana wa Shella. Alisema harusini wanaume hupigwa picha tele, lakini ngoma za ndani za wanawake, ambako ndiko harusi yenyewe iliko, hazina kumbukumbu, kwa kuwa hakuna mpiga picha mwanamume anayeweza kuingia. Sisi tulikuwa wanawake wawili wenye kamera. Ilikuwa kama mtu aliyetuwashia taa.

Ukaweka sheria, nami nikaziandika ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi. Simu zote ziingie kapuni mlangoni. Kadi ya picha apewe mama wa bibi harusi mkononi mwake, moja tu. Kwetu kisibaki kitu. Na mlangoni ulisimama mwenyewe. Mimi nikipiga picha ndani, wewe unashika kapu la simu kama mtu aliyeshika mtoto mchanga, na mabibi wakubwa wakikuona hapo walivua mabuibui bila wasiwasi. Walisema, "Mwanaesha yuko mlangoni, chezeni." Niliwaona wanawake ambao njiani nawajua kwa macho tu, wakicheza jasho likiwatoka, wakitaniana maneno ambayo hayaandikiki hapa. Mimi mgeni wa Vitengeni, Mkristo, niliingizwa mahali ambapo waume zao hawaingii. Niliingizwa kwa dhamana yako.

Baada ya hapo yaliyofuata yalikuwa yangu. Tulifika kumbini mapema, na kila mara tulikuta watu wanasubiri viti. Nikasema tununue viti. Kisha hema. Kisha jenereta, spika, masufuria, sahani. Kisha mapambo ya jukwaa: maua, pazia, taa. Kila nilipoleta jambo jipya ulinitazama kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa. Ukaniambia siku moja, "Sisi ni watu wa picha, Kadzo. Kesho utaniambia tuuze na barafu." Mwaka uliofuata tulikuwa tunawauzia barafu wavuvi wa Ngomeni, na kila jokofu jipya lilipoteremshwa ulikuwa ukiniuliza kama hili nalo ni la filamu.

Ulitania, lakini kila Jumatatu uliendelea kuandika filamu ya pili. Nami kila Jumatatu nilikuwa na sababu ya kuiahirisha.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, nilieleze polepole ili asibaki mtu na shaka.

Ilikuwa harusi ya binti wa pekee wa Khalati Rukia. Mapambo yalikuwa yetu: maua meupe, pazia za rangi ya zafarani, na kioo kirefu chenye fremu ya dhahabu nyuma ya kiti cha bibi harusi. Kabla hajaingizwa, jukwaa likiwa tupu, nilisimama katikati ya ukumbi nikalipiga picha taratibu, kutoka maua ya kushoto hadi ya kulia. Nyuma yangu wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kucheza. Sikuwapiga wao. Nilipiga jukwaa.

Kadi tulimpa Khalati, kama ilivyo desturi. Lakini kile kipande cha jukwaa nilikinakili kwenye kompyuta kabla ya kufuta, na hukujua. Nilijiambia kwamba sheria yako ni ya watu, na jukwaa si mtu. Nilikitaka kwa tangazo, kwa sababu kulikuwa na hoteli iliyokuwa ikitafuta wapambaji. Nilikaa siku nzima nikitazama kama maua yameshika rangi na kama pazia zimelala sawa. Daftari langu la Jumapili hiyo linasema hivi: "Tangazo la mapambo limekwisha. Nimelipitia mara tatu. Hamna mtu ndani yake." Nikalituma kwenye makundi ya simu.

Asiye mpambaji hatazami maua. Kwa sekunde nne, ndani ya kile kioo, alikuwamo Khalati Rukia. Mjane, mwalimu wa watoto wa watu, hana buibui wala mtandio, nywele zimefunguka, kajishika kiuno, anaicheza harusi ya mwanawe huku anacheka. Kuna mtu alizisimamisha zile sekunde, akazikuza, akazituma peke yake. Kufikia Jumanne zilikuwa zimefika kwenye vijiwe vya kahawa.

Jumatano walikuja wanawake watatu wa ukoo wao. Mkubwa wao, wifi yake Khalati, alikataa kiti. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ni nani katika nyinyi aliyeitoa hii?"

Miaka yote hii nimejiambia kwamba nilikuwa nimefungua kinywa. Sina hakika tena. Ninachokijua ni kwamba wewe ulisema, "Ni mimi."

Hukugeuka hata kunitazama. Yule bibi akakwambia, "Wewe, Mwanaesha. Tuliyekupa mlango." Wakaondoka, wote watatu, bila ya kuaga.

Nililia nikataka niwafuate. Ulinishika mkono ukaniketisha kwenye rundo la viti. "Sikiza, Kadzo. Mimi ni wao. Watanisema, wataninunia, Ramadhani ikiingia watanisamehe. Wewe watasema ni mgeni aliyeingia majumbani mwao kuwavua nguo, na hilo halina Ramadhani." Kisha ukanihesabia watu waliokuwa wakila kwa hema na viti vile, mmoja mmoja kwa majina, wengi wao vijana wa kwetu. Nikanyamaza. Nilijiambia nimenyamaza kwa ajili yao.

Uliniambia pia kwamba Khalati ni mama, ataelewa. Ulikwenda kwake mara tatu kuomba radhi. Mara ya kwanza nilikusindikiza, nikasimama pembeni mwa uchochoro. Ulibisha ukatoa salamu. Tulisikia kandambili zikija mpaka mlangoni, zikasimama, zikarudi ndani. Jioni nikaandika: "Mwanaesha kaenda kwa khalati yake. Hakufunguliwa." Sababu sikuiandika. Daftari lilikuwa langu peke yangu, halisomwi na mtu, na humo pia nilikuficha.

Ramadhani iliingia ikatoka. Hakuna aliyekusamehe. Khalati aliacha kusomesha, akajifungia. Mama wa mabibi harusi hawakututaka tena na kamera, ila hema na viti walikodi kama kawaida, na waliponiona mimi walinisalimu vizuri, wakanipa pole kwa kufanya kazi na mtu asiyejua amana. Niliipokea pole hiyo, Mwanaesha. Niliipokea mara nyingi.

Ulibaki nyuma ya kaunta ukipiga picha za vitambulisho. Mtu huketi, unamwambia anyanyue kidevu, unabonyeza, anakwenda. Kisha ukasema unakwenda Amu kwa wajomba zako wiki mbili. Ulibeba mfuko mmoja na lile daftari la filamu ya pili. Kituoni nilikwambia kwamba sasa nitasema, nitakwenda leo leo. Ukaniambia, "Ukisema sasa, uongo wangu utakuwa wa bure. Niachie hilo moja nililolifanya vizuri."

Neno hilo nililifanya mto, nikalilalia miaka sita.

Wiki mbili zikawa mwaka. Nilikupigia simu, tukazungumza juu ya hali ya hewa na bei ya samaki, watu tuliowahi kukesha tukigombania neno moja la mwisho la filamu. Kila simu ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Mwishowe nikawa nakutumia salamu za sikukuu tu, nawe ukijibu "na kwako". Huku nyuma kampuni ilipanuka. Tuna ghala sasa, lori, na majokofu manne ya barafu. Niliwahi kualikwa niwaeleze kina mama wafanyabiashara jinsi kampuni ndogo ya filamu ilivyozaa biashara nyingine tano. Nilisema siri ni kumsikiliza mteja. Walipiga makofi. Niliporudi nyumbani sikuweza kula.

Filamu hatujatengeneza tena. Na ngoma za ndani za Shella hazipigwi picha na mtu yeyote. Wasichana walioolewa miaka hii sita hawana hata sekunde moja ya mama zao wakiwachezea.

Mwezi uliopita, Jumatatu, alipiga simu mwanamume mwenye sauti ya upole. Alitaka hema moja na viti mia kwa khitma ya marehemu, Shella, baada ya alasiri. Nikaandika. Sikumuuliza khitma ya nani. Hatuulizi, si adabu. Nilikwenda na lori mwenyewe kama ninavyokwenda siku zote. Lori liliposimama niliujua mlango. Nikadhani ni Khalati Rukia aliyefariki, na nakiri mbele yako kwamba jambo la kwanza lililonijia ni nafuu, kwamba hakuna tena wa kumwambia.

Yule mwanamume akaja kutuonyesha pa kuweka hema. Nilimpa pole ya Bi Rukia. Akasema, "Si yeye. Ni yule mtoto wake wa kulea, Mwanaesha. Kafariki Amu, wiki mbili sasa. Figo."

Nilipanga viti. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilivipanga safu za kumi kumi, nikaviweka sawa miguu kwa miguu, na nilipofika safu ya mwisho nikarudi mwanzo nikavipanga tena. Wafanyakazi walinitazama wakaniacha. Ndani wanawake walianza kusoma. Sikuingia. Nilikaa kwenye lori mpaka dua ikaisha, nikapakia viti nikaondoka. Daftari la siku hiyo halina kitu ila jina lako.

Siku ya nne nilikwenda, mchana. Nilibisha nikatoa salamu, kandambili zikaja, na safari hii mlango ulifunguliwa. Khalati amezeeka, Mwanaesha. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanikaribisha ukumbini, akarudi kwenye ungo wake wa mchele. Nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa, kioo, kompyuta, Jumapili, Jumatano. Vidole vyake viliendelea kuchagua mchele mpaka niliposema kwamba wewe hukuiona video ile kabla haijatoka. Hapo vikasimama.

Nilitarajia matusi. Nadhani niliyataka. Hakunitukana. Alisema kwamba ulikuja mara tatu, na mara ya tatu uliketi kizingitini tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, naye alikuwa upande wa pili wa mlango, anakusikia ukipumua. Alisema picha ile ilimuuma mwaka mmoja, ikapoa. Kilichomuuma baada ya hapo ni kwamba umetoka mikononi mwake. Alikuwa akingoja urudi mara ya nne.

"Nilikwisha kumsamehe," akasema. "Nilijiambia amekosa, nami nimemsamehe, Mungu atamfikishia. Sasa waniambia hakuwa na kosa. Nilimfungia mlango mtoto wa dada yangu, naye alikuwa akilinda mtu." Akausukuma ungo kando. "Wewe leo umetua mzigo wako, Kadzo, umeuweka hapa kwangu. Mimi nikauweke wapi?"

Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani ukweli ni kitu ambacho mtu anampa mwenzake, kama kurudisha amana. Nilimwona anavyoupokea, mwanamke wa miaka sabini na ushei, nikajua nimemwongezea msiba wa pili juu ya wa kwanza.

Nilimwomba msamaha. Akasema hilo hawezi kulisema leo. Lakini akaniambia jambo jingine, na ndiyo sababu barua hii haikubaki daftarini. Alisema video ile ilifika kwenye kila simu ya mji huu, basi na hili nalo lifike. Nilimuuliza kama nilifiche jina lake. Akasema, "Waliiona sura yangu na nywele zangu. Jina litanizidishia nini? Liandike. Andika na lake, mwanzo na mwisho. Na usirudi hapa kabla hujaituma."

Basi mlioituma video ile, mkaitazama, mkaipitisha: Mwanaesha hakuitoa. Hakukiuka amana ya mtu yeyote. Alisimama kwenye milango yenu miaka minne, hakuna aliyevuliwa heshima akiwapo yeye. Niliyekiweka kipande kile kinyume cha sheria yake ni mimi. Niliyekitengeneza ni mimi. Niliyetazama maua nisimwone mtu ni mimi. Na mliponipa pole, niliyeipokea ni mimi. Mkiwa na neno la kusema juu yake, mlirekebishe. Mkiwa na neno juu yangu, ghala letu mnalijua.

Nawe, shoga yangu, najua uliniomba nini kituoni. Nimekuvunjia neno lako, na huna njia ya kuniambia kama umekasirika. Nimewahi kuwazia kwamba ungenicheka, useme Kadzo kachukua miaka sita kuandika sentensi moja. Sijui. Wiki hii mjomba wako amenijulisha kuwa lile daftari la filamu ya pili lipo Amu, na kwamba ulifika ukurasa wa mwisho. Sijathubutu kuuliza linaishaje. Si haki yangu kulisoma kabla ya Khalati.

Sijui namna ya kumuaga mtu ambaye sikumzika. Kwetu tungepiga ngoma, kwenu mmesoma khitma, na mimi nilikuwa nje kwenye lori katikati ya yote mawili. Kwa hivyo nakuaga kwa hili ninaloliweza. Kesho saa nne asubuhi nitaituma barua hii kwenye makundi yale yale. Kisha nitakwenda Shella nibishe kwa Khalati Rukia. Akinifungulia, nitaingia. Asipofungua, nitaketi kizingitini.

Ni mimi shoga yako uliyemfichia,
Kadzo